Ramani ya mabwawa ya kuogelea na ubaguzi wa rangi, Washington na vitongoji vyake (1949–1973): shajara ya mradi

Shajara hii inafuata utengenezaji wa ramani moja: mabwawa ya kuogelea ya Washington na vitongoji vyake vya Maryland na Virginia, nani aliruhusiwa kuingia majini, na kwa kanuni ipi. Tunaanza na 1949, mabwawa ya umma ya jiji yalipogombaniwa, na kuishia 1973, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipotoa hukumu juu ya bwawa la chama kimoja huko Wheaton. Tunaandika kwa Kiswahili kwa sababu wasemaji wake wamo leo Silver Spring na Wheaton, na wengi hawajasimuliwa jinsi mitaa hiyo ilivyopangwa. Anayetaka kufanya kazi kama hii kwa mji mwingine afuate hatua hizi. Yaliyokwenda vizuri tumeyafupisha, na palipokwama tumeeleza kwa urefu.

14 Januari 2024: mipaka ya kazi

Tumeanzia ndani ya jiji. Mwaka 1949 Washington ilikuwa na mabwawa sita ya umma chini ya wizara ya serikali kuu inayosimamia ardhi na hifadhi za taifa. Manne yalikuwa ya wazungu kwa desturi: Anacostia, McKinley, Takoma na East Potomac. Mawili, Francis na Banneker, yalikuwa ya watu weusi. Juni mwaka huo vijana weusi walipokwenda kuogelea Anacostia zilizuka vurugu, na bwawa likafungwa msimu wote uliobaki. Mwaka 1950 lilifunguliwa tena, safari hii kwa watu wote.

Tarehe hiyo ndiyo nguzo ya ramani nzima. Miaka ya 1950 ndiyo vyama vya kuogelea vilipoenea vitongojini: wakazi wa mtaa wanachanga, wananunua kiwanja, wanachimba bwawa, wanaajiri mwokoaji, wanachagua kamati. Hakuna fedha ya jiji wala lango la umma ambalo mtu anaweza kulidai. Kwa hiyo ramani inayoonyesha mabwawa ya umma peke yake itamwambia msomaji kwamba ubaguzi uliisha 1950, na huo si ukweli.

Jedwali la kwanza lina safu hizi: jina, mwenye bwawa, aina (umma, chama, biashara), mwaka wa kufunguliwa, mwaka wa kufungwa, ubaguzi (ndiyo/hapana), chanzo, na kiwango cha uhakika (A kwa hukumu au hati rasmi, B kwa gazeti la wakati ule, C kwa picha ya angani peke yake). Programu ya kuchora ramani ni QGIS, ya bure. Mabwawa ya nyuma ya nyumba za watu tumeyaacha nje, na sababu yake iko kwenye ingizo la Machi.

3 Februari 2024: ramani za mikopo za miaka ya 1930 hazifai hapa

Karibu kila anayechora ubaguzi wa makazi Marekani huanza na ramani za HOLC, shirika la serikali la mikopo ya nyumba, ambalo katika miaka ya 1930 lilipaka mitaa rangi nne kulingana na "hatari" ya kukopesha. Mtaa wa watu weusi ulipakwa nyekundu karibu kila mara. Ramani hizo zimewekwa mtandaoni bure na Chuo Kikuu cha Richmond, zimeshafungwa kwenye koordineti, na unazipakua kwa dakika chache. Wepesi huo ndio unaovuta watu.

Kwa kazi hii zimeshindwa kwa sababu mbili. Kwanza, kwenye mkusanyo huo Baltimore na St. Louis zimo, Washington haimo. Pili, na hili ni zito zaidi, hata mji wenye ramani ya HOLC hautakusaidia kuhusu vyama vya kuogelea, kwani vitongoji vyenye vyama hivyo vilijengwa baada ya Vita Kuu ya Pili. Mchora ramani wa 1937 alikuwa akitazama mashamba. Ukilaza bwawa la 1958 juu ya ramani ya 1937 utapata doa jeupe, na mtu asiyejua atasema hapo hapakuwa na ubaguzi.

Marekebisho: badala ya rangi za HOLC tumetumia sensa ya 1960 na ya 1970 kwa maeneo madogo ya kuhesabia, kutoka NHGIS, hifadhi ya mtandaoni ya takwimu za sensa ya Marekani, bure baada ya kujiandikisha. Angalia mambo mawili kabla ya kulinganisha miaka hiyo. Mipaka ya maeneo ya sensa ilikatwa upya pale vitongoji vilipokua, kwa hiyo namba ile ile ya eneo inaweza kuwa ardhi tofauti. Halafu baadhi ya majedwali ya 1960 yanahesabu "wasio wazungu" kwa pamoja, wakiwamo Waasia, wakati ya 1970 yanataja watu weusi peke yao. Soma kichwa cha kila safu. Tofauti hiyo ikikupita utatangaza ongezeko au upungufu usiokuwapo.

9 Machi 2024: kutafuta mabwawa kwenye picha za angani

Hakuna orodha moja ya vyama vya kuogelea. Njia ya uhakika ya kujua bwawa lilikuwapo ni picha za angani za zamani, na zile za USGS, shirika la serikali la upimaji wa ardhi, hupakuliwa bure kwenye tovuti yake ya EarthExplorer.

Angalia ukubwa wa pikseli kabla ya kupakua. Picha ya inchi 9 kwa 9 iliyopigwa kwa kipimo cha 1:20,000 na kuskaniwa kwa nukta 1,000 kwa inchi inakupa takriban nusu mita ardhini kwa kila pikseli. Ile iliyoskaniwa kwa nukta 400 inakupa mita 1.27. Bwawa la yadi 25 lina urefu wa mita 22.86. Kwenye picha ya kwanza ni pikseli 45, na umbo linaonekana hata likiwa na mkono wa L. Kwenye ya pili ni pikseli 18, na hapo unabahatisha. Bwawa la nyumbani la futi 16 kwa 32 linabaki pikseli 4 kwa 8, huwezi kulitofautisha na banda la gari. Ndiyo maana mabwawa ya nyumbani hayamo, ingawa yana uzito mkubwa katika historia hii: mwaka 1950 Marekani nzima ilikuwa na takriban 2,500 tu ya kuchimbwa ardhini, na kufikia 1999 yalikuwa yamepita milioni nne. Wengi waliokimbia lango la umma, hatimaye walikimbia hata lango la chama.

Kilichotusumbua zaidi ni majira. Picha nyingi za angani hupigwa miti ikiwa haina majani, yaani kati ya mwisho wa vuli na mwanzo wa masika, ili barabara zionekane. Wakati huo bwawa la nje limefungwa. Likiwa tupu linaonekana jeupe kama sakafu ya saruji, likiwa na maji ya mvua linakuwa jeusi, likifunikwa linakuwa kijivu sawa na uwanja wa tenisi. Uwanja wa tenisi pamoja na nafasi yake ya pembeni ni futi 120 kwa 60, na mara nyingi uko kando ya bwawa lenyewe. Jicho likitafuta "mstatili wa bluu" halitapata kitu.

Tulichofanya ni kutafuta vitu vinne pamoja: mstatili au umbo la L, ukanda mweupe wa saruji unaolizunguka, jengo dogo refu la kubadilishia nguo upande mmoja, na maegesho ya magari yaliyo makubwa kuliko mahitaji ya jengo hilo. Viwanja vya tenisi kwa kawaida huja viwili viwili vinavyolingana, vikiwa bega kwa bega na bila jengo la kubadilishia nguo. Vitatu kati ya vinne vikiwapo tunaandika C. Viwili, hatuandiki.

Mwaka wa kufunguliwa hauandikwi kama mwaka mmoja. Weka safu mbili: mwaka wa mwisho ambao bwawa halionekani, na mwaka wa kwanza ambao linaonekana. Pengo lililo kati yao ndilo linaloweza kuzibwa na gazeti. Evening Star la Washington limo bure kwenye Chronicling America, hifadhi ya mtandaoni ya magazeti ya zamani, hadi 1963. Tatizo ni kwamba kompyuta ilisoma kurasa hizo kwa kubahatisha, herufi zimechanganyika, na neno la Kiingereza la bwawa, "pool", ndilo hilo hilo la mchezo wa biliadi na la kuchangia usafiri wa gari. Tafuta jina la mtaa pamoja na neno "chama" kwa Kiingereza, kisha fungua ukurasa na usome kwa macho.

Kufunga picha kwenye ramani: chagua njia panda zisizobadilika, angalau sita, zikiwa zimetawanyika hadi pembezoni. Zikikusanyika katikati, kingo za picha zitapinda na bwawa litaangukia kiwanja cha jirani.

30 Machi 2024: duara la robo tatu za maili

Chama cha Wheaton-Haven, Kaunti ya Montgomery, Maryland, kilianzishwa 1958. Kanuni zake zilichora eneo la uanachama: umbali wa robo tatu za maili kutoka kwenye bwawa, idadi ya juu familia 325. Wa nje ya duara waliweza kupokelewa kwa pendekezo la mwanachama, mradi wasizidi asilimia 30. Duara hilo ni kitu cha kisheria, kwa hiyo lazima lichorwe kwa kipimo sahihi.

Robo tatu za maili ni mita 1,207, na duara lake lina kilomita za mraba 4.58. Ukilichora kwenye EPSG:4326 (misimbo ya EPSG hutaja mifumo ya koordineti), programu inahesabu digrii: ukiandika 0.75 unapata duara linalomeza Washington yote na sehemu kubwa ya Maryland. Hilo linaonekana haraka. La hatari ni EPSG:3857, mfumo unaokuja wenyewe ukiweka ramani ya mtandaoni nyuma. Kwenye latitudo ya 39, "mita" zake zimevutwa, na ukiandika 1,207 unapata mita 938 tu za kweli ardhini. Duara linaonekana zuri kabisa, lakini eneo lake ni kama asilimia 60 ya lile la kweli, na nyumba za ukingoni zinaachwa nje. Nyumba za ukingoni ndizo zenye hoja kwenye kesi za namna hii.

Tumia EPSG:26918 kwa Maryland na Virginia ya kaskazini pamoja. Kisha pima kwa mkono kutoka bwawani hadi njia panda unayoijua kabla ya kuendelea.

Sensa ndani ya duara: usigawe watu kwa eneo moja kwa moja kama kuna bustani kubwa, reli au kituo cha biashara ndani yake. Ondoa kwanza ardhi isiyo na nyumba, ndipo ugawe.

11 Mei 2024: safu ya "ndiyo/hapana" imefutwa

Hapa mradi ulisimama kwa muda, na hapa ndipo penye kiini chake.

Safu ya "ubaguzi: ndiyo/hapana" ilidai ushahidi wa maandishi, yaani kifungu kinachosema weusi hawaingii. Kanuni za vyama vya vitongoji mara nyingi hazina kifungu hicho. Zinazungumzia umbali, kura ya kamati, wageni, ada, na nyumba. Ukifuata safu hiyo kwa uaminifu, karibu vyama vyote vinapata "hapana", wakati watu weusi hawakuogelea humo. Ubaguzi ulikuwa kwenye namna kanuni zinavyoshikana, na jedwali lisilo na nafasi ya kuandika mshikamano huo linausafisha.

Tumeifuta safu hiyo na kuweka sita mahali pake: eneo la uanachama, kama uanachama unafuata nyumba, nani anapiga kura ya kupokea, kama pendekezo linahitajika, kanuni ya wageni na tarehe ilipobadilishwa, tukio la kukataliwa lililothibitishwa. Mifano miwili ifuatayo imejazwa kikamilifu ili anayenakili aone kiwango tunachotaka.

Wheaton-Haven. Aliyeishi ndani ya duara alipata manufaa matatu: aliomba bila kuhitaji pendekezo, alitangulizwa mbele ya wa nje pale nafasi zilipojaa, na akiwa mwanachama mwenye nyumba alimpitishia mnunuzi wa nyumba haki ya kwanza ya kununua nafasi aliyoiacha. Kura: wingi wa waliohudhuria kikao. Ada ya kuingia dola 375. Mwaka 1968 familia moja ya watu weusi iliyonunua nyumba ndani ya duara ilinyimwa hata fomu ya kuomba. Mwaka huo huo wanachama wazungu walileta mgeni mweusi. Aliruhusiwa kuingia, na kesho yake bodi ikabadilisha kanuni ili wageni wawe ndugu wa wanachama tu. Tazama tarehe hizo mbili kwenye safu ya wageni. Ukiandika kanuni bila tarehe yake, inasomeka kama utaratibu wa kawaida wa kuzuia msongamano. Ikiwa na tarehe, kusudi lake liko wazi.

Little Hunting Park, Kaunti ya Fairfax, Virginia. Hapa uanachama ulikuwa hisa, na mwenye nyumba aliweza kumkabidhi mpangaji wake kwa idhini ya bodi. Mwaka 1965 mwanachama mzungu alimpangisha mtu mweusi nyumba na kumkabidhi hisa. Bodi ilikataa, na mwenye hisa alipolalamika akafukuzwa yeye mwenyewe. Kesi yake, Sullivan v. Little Hunting Park, iliamuliwa na Mahakama ya Juu Desemba 1969 kwa kura 5 dhidi ya 3. Msingi wake ni Sheria ya Haki za Raia ya 1866, inayompa kila raia haki sawa na ya mzungu ya kununua, kupanga na kumiliki mali. Mahakama iliona kwamba chama hakikuwa na uteuzi wowote wa maana isipokuwa rangi: kila mzungu wa eneo lile alipokewa.

Tillman v. Wheaton-Haven ilifuata Februari 1973, majaji wote wakikubaliana. Chama kilijitetea kuwa ni klabu binafsi, na Sheria ya Haki za Raia ya 1964 huziacha klabu binafsi nje. Mahakama ilijibu kwa kutumia yale manufaa matatu: haki ya bwawa ilikuwa imefungwa kwenye nyumba, hivyo kumnyima mnunuzi mweusi bwawa ni kumnyima sehemu ya alichonunua. Duara lililochorwa ili kuwafaa wakazi ndilo lililokiangusha chama.

Kupata kanuni zenyewe: hukumu za Mahakama ya Juu ni za bure mtandaoni, lakini hukumu inanukuu kanuni kwa vipande tu. Kanuni kamili hupatikana kwenye kitabu cha nyaraka ambacho pande mbili huwasilisha pamoja mahakamani. Maktaba za sheria za vyuo vikuu zinacho, mara nyingi kwenye filamu ndogo. Mafaili ya mahakama za mwanzo za shirikisho za Maryland na Virginia yako tawi la Philadelphia la Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, kundi la 21 la nyaraka. Usiombe faili kwa namba ya Mahakama ya Juu (kesi ya Wheaton-Haven ni 71-1136), wahudumu hawataliona. Wanahitaji namba ya mahakama ya mwanzo, na kitabu hicho cha nyaraka ndipo pa kuitafutia. PACER, mfumo wa mafaili ya kielektroniki unaotoza senti 10 kwa ukurasa, hauna kesi za miaka hiyo. Usipoteze muda huko. Kupiga picha kwa simu yako kwenye chumba cha kusomea ni bure, bila mwanga wa flashi.

22 Juni 2024: hati za nyumba

Kama uanachama unafuata nyumba, basi swali la nani aliweza kununua nyumba linatangulia. Kabla ya 1948 hati nyingi za vitongoji vya Washington zilikuwa na sharti kwamba nyumba isiuzwe wala kupangishwa kwa mtu mweusi. Silver Spring ilijaa masharti hayo, yakiwamo ya viwanja vya E. Brooke Lee, mwanasiasa na mwendelezaji mkubwa wa eneo hilo. Hukumu ya Shelley v. Kraemer ya 1948 ilizizuia mahakama kuyatekeleza. Shirika la serikali la bima ya mikopo ya nyumba liliacha kukubali nyumba zenye masharti mapya yaliyosajiliwa baada ya 15 Februari 1950.

Maryland: hati zote ziko bure kwenye mdlandrec.net baada ya kujiandikisha, na michoro ya viwanja kwenye plats.net. Virginia: huduma ya mtandaoni ya Fairfax ni ya kulipia; waweza kutazama kwenye kompyuta za mahakama ya kaunti na kulipia nakala kwa ukurasa.

Kutafuta hati ya sasa ya nyumba hakukufikishi popote. Sharti huandikwa mara moja, kwenye hati ya kwanza kutoka kwa mwendelezaji au kwenye tamko la mtaa mzima, na hati zote zinazofuata husema tu kwamba nyumba inauzwa "pamoja na masharti yaliyosajiliwa". Rudi nyuma mnunuzi kwa mnunuzi, kitabu kwa kitabu, hadi umfikie mwendelezaji. Ukishapata hati moja ya kwanza, chukua jina la mwendelezaji na utafute hati zake zote kwenye faharasa ya wauzaji; hapo unapata mtaa mzima kwa mkupuo. Maneno ya kutazama ni "Negro", "Caucasian" na "Semitic race", kwani masharti mengi yaliwafungia nje na Wayahudi pia.

Kosa la kuepuka ni kudhani kwamba hati isiyo na sharti ni nyumba iliyokuwa wazi kwa wote. Mitaa iliyojengwa katikati ya miaka ya 1950, ambayo ndiyo yenye vyama vingi vya kuogelea, mara nyingi haina sharti la rangi kwa sababu lilikuwa halina nguvu tena. Madalali, mabenki na wajenzi walifanya kazi hiyo bila kuiandika. Kwenye jedwali tunaandika "halikuonekana", kamwe si "halikuwapo".

17 Agosti 2024: mabwawa ya biashara

Aina hii ni chache lakini ndiyo inayofahamika zaidi na watu. Glen Echo, Kaunti ya Montgomery, ilikuwa bustani ya michezo mwisho wa njia ya tramu, na bwawa lake la Crystal Pool lililofunguliwa 1931 liliweza kubeba waogeleaji 3,000. Wazungu tu. Tarehe 30 Juni 1960 wanafunzi, wengi wao wa Chuo Kikuu cha Howard, walikaa kwenye farasi wa bembea ya kuzunguka na kukamatwa. Wakazi wa mtaa wa Bannockburn ulio jirani wakaungana nao kwenye maandamano ya kiangazi chote. Bustani ilifunguliwa kwa wote msimu wa 1961. Mwaka 1964, katika Griffin v. Maryland, Mahakama ya Juu ilifuta hatia zao, kwa kuwa mlinzi aliyewakamata alikuwa ameapishwa kama naibu wa sherifu, na hivyo mkono wa serikali ulikuwa umetumika.

Kwa jedwali: wafanyabiashara wengine walijivika jina la klabu baada ya sheria ya 1964. Mfano wa kujifunzia ni Lake Nixon, karibu na Little Rock, Arkansas, eneo la ekari 232. Uanachama ulikuwa kadi ya senti 25 inayonunuliwa mlangoni, na wazungu wapatao 100,000 waliingia kila msimu. Mahakama ya Juu iliikataa hoja ya klabu katika Daniel v. Paul, Juni 1969. Tangu hapo tunaangalia ada na idadi ya wanachama kabla ya kuandika "chama". Familia 325 zinazomiliki bwawa lao ni chama. Kadi ya senti 25 ni tiketi.

5 Oktoba 2024: miji iliyofunga mabwawa, na Montgomery tatu

Tumeongeza tabaka la kulinganishia nje ya Washington, na mara moja jedwali likachanganyika. Kuna Kaunti ya Montgomery ya Maryland, mji wa Montgomery wa Alabama, na mji wa Montgomery wa West Virginia, na yote mitatu ina kesi za mabwawa. Kuunganisha majedwali kwa jina kuliihamishia Maryland bwawa la Alabama. Unganisha kwa msimbo wa FIPS, namba rasmi ya kila kaunti: 24031 kwa Montgomery ya Maryland, 51059 kwa Fairfax, 01101 kwa Kaunti ya Montgomery ya Alabama. Hifadhi safu hiyo kama maandishi. Ukiifungua kama namba, 01101 inakuwa 1101 na mstari unapotea kimyakimya.

Montgomery ya West Virginia ilikodisha bwawa lake la umma kwa chama cha wazungu, na mahakama ya shirikisho ikalikataa jambo hilo 1948. Montgomery ya Alabama, iliposhtakiwa ili ifungue bustani zake kwa wote, ilizifunga zote tarehe 1 Januari 1959 na kufukia bwawa la Oak Park. Bustani zilifunguliwa tena 1965, bila mabwawa. Wakati huo watoto wazungu waliogelea YMCA, chama cha vijana wa Kikristo, na mwaka 1970 mahakama ilionyesha kwamba mji na YMCA walikuwa na makubaliano yaliyoanzia 1958. Jackson, Mississippi, ilikuwa na mabwawa matano, manne ya wazungu na moja la weusi. Iliyafunga manne na kuliachia la tano, la kukodi, kwa YMCA iliyoliendesha kwa wazungu tu. Mwaka 1971, katika Palmer v. Thompson, Mahakama ya Juu ilisema kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba mji una haki ya kufunga, maadamu umewafungia wote.

Safu moja ya "mwaka wa kufungwa" haitoshi kwa mambo haya. Tumeigawa: kufungwa kwa amri gani, na wazungu waliogelea wapi msimu uliofuata. Swali la pili ndilo linalochukua muda, na ndilo tunaloomba kila anayenakili kazi hii asiliruke. Fairground Park, St. Louis, halikufungwa mara moja. Mwaka 1948, likiwa la wazungu tu, waogeleaji 313,000 waliingia. Mwaka 1950, baada ya vurugu za Juni 1949 na amri ya mahakama, wakaingia takriban 10,000. Bwawa lilikuwa wazi kabisa kwenye karatasi, na wazungu walikuwa wameshaondoka.

16 Novemba 2024: tabaka la vifo vya maji limeondolewa

Pendekezo lilikuwa kuweka vifo vya kuzama karibu na mabwawa yaliyobaguliwa. Takwimu za taifa ni za kutisha: kati ya 1999 na 2010, vijana weusi wa miaka 5 hadi 19 walizama kwenye mabwawa ya kuogelea kwa kiwango cha mara 5.5 ya wazungu wa umri huo, kwa hesabu ya CDC, shirika la serikali la afya ya umma. Mzazi asiyejua kuogelea mara nyingi hulea mtoto asiyejua, na vizazi viwili vilifungiwa nje ya maji ambamo mtu hujifunzia.

Lakini takwimu hizo ni za nchi nzima. Kwa kaunti moja idadi ni ndogo mno, na CDC huzificha hesabu zilizo chini ya 10 ili watu wasitambulike. Kuipaka kaunti rangi kwa kiwango cha taifa ni kuchora kitu ambacho hakuna aliyekipima. Takwimu imebaki kwenye maelezo ya pembeni, nje ya ramani.

25 Januari 2025: toleo la kwanza na gharama

Ramani na jedwali vimewekwa wazi, pamoja na faili la CSV na maelezo ya kila safu. Majina ya familia zilizokataliwa hayamo kwenye jedwali, hata pale yanapoonekana kwenye hukumu. Jina la kesi linatosha kwa anayetaka kuthibitisha.

Gharama: QGIS, NHGIS, EarthExplorer, Chronicling America na hati za Maryland, sifuri. Diski ya nje ya terabaiti 2, dola 70. Faili moja la picha ya nukta 1,000 lina takriban megabaiti 81, na utahitaji nakala mbili. Nauli ya Philadelphia na chakula, dola 94. Nakala za hati za Fairfax, dola 31. Kilicholiwa zaidi ni muda wa kufuata hati nyuma hadi kwa mwendelezaji. Anayeanza atenge nusu ya muda wake wote kwa hilo.

Kinachofuata ni Kaunti ya Prince George's, kwa utaratibu ule ule, tukianza na faharasa ya wauzaji kabla ya picha za angani. Mabwawa ya daraja C yaliyobaki Montgomery yanahitaji mtu mwenye kadi ya maktaba ya umma ya Washington, ambayo inafungua Evening Star la baada ya 1963.